P ya 0.09 si uhakika wa asilimia 91

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza, utafiti wangu nimeufanyia Sikonge, Tabora. Nimelinganisha mavuno ya asali ya mizinga 12 ya masanduku na 12 ya magogo. Wastani ni kilo 14 kwa masanduku na 9 kwa magogo, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi mavuno yanavyotawanyika kuzunguka wastani) ni kama kilo 7 kwa kila aina ya mzinga, p ni 0.09. Jamaa wa steshenari anayechambua data anasema nikimlipa ataishusha chini ya 0.05. Mwenzangu anasema niiache tu, eti 0.09 ni uhakika wa asilimia 91 kwamba sanduku ni bora. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize hata mmoja, ila la mwenzako ndilo linalonikera zaidi, maana nalikuta kwenye tasnifu, kwenye ripoti za miradi, hata kwa waliosoma kuliko wewe.

Thamani ya p huhesabiwa kwa kuchukulia tangu mwanzo kwamba sanduku na gogo havitofautiani kabisa. Halafu inauliza: kama ndivyo, bahati tu ya kupata mizinga hii na si mingine ingeleta pengo la kilo 5 au zaidi, upande wowote, mara ngapi? Kwako ni kama mara 9 katika 100. Basi. Hesabu iliyoanza kwa kukubali kuwa tofauti haipo haiwezi kukwambia kuna uwezekano gani kwamba ipo. Chama cha watakwimu cha Marekani kilitoa tamko kuhusu jambo hili mwaka 2016, na kosa bado linaendelea. Hata hiyo 0.05 si amri: mtakwimu Ronald Fisher, aliyefanya kazi kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliieneza kwa kitabu chake cha 1925 kama mpaka unaofaa kwa urahisi.

Huyo wa steshenari namjua anachofanya. Atageuza jaribio la pande mbili, linalohesabu pengo likielekea kokote, liwe la upande mmoja, linalohesabu sanduku kuzidi tu, p igawanyike nusu, isomeke chini ya 0.05. Asali ni ileile. Upande mmoja huamuliwa kabla ya kuona data, na sababu yake huandikwa. Hiyo ikikataliwa, ataufuta mzinga wa gogo uliojaa kuliko yote, aseme ni data mbovu.

Wewe andika hivi: pengo ni kilo 5, na kwa kiwango cha asilimia 95, data hizi zinakubaliana na pengo lolote kuanzia sanduku kupungukiwa karibu kilo 1 hadi kuzidi karibu kilo 11. Hapo msomaji anaona mwenyewe kwamba mizinga 24 ni michache kwa mavuno yanayotawanyika hivyo. Usiandike "hakuna tofauti", hujalithibitisha hilo. Na niambie, masanduku yalikuwa kambi moja na magogo nyingine? Kama ndivyo, huenda umelinganisha misitu, ule uliochanua vizuri na ule ambao haukuchanua, na hakuna p itakayokuokoa.

Wanafunzi wenzako nao wasikie. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana, mahali ambapo hakuna tofauti yoyote, uwezekano wa angalau moja kushuka chini ya 0.05 ni karibu asilimia 64. Anayebofya kompyuta mpaka kitu kitokee hawezi kukosa, na ripoti yake ikifika kijijini kikundi cha warina asali kinakopa kununua masanduku. Mtu akikuuliza "unataka p iwe ngapi?", chukua flashi yako uondoke.