Maswali ya wafugaji: F1, F1B au F2, nichukue labradudo yupi?

Shikamoo dokta. Mi naishi Mbezi Beach, nina watoto wawili, sasa huyu wa mwisho ana aleji, akicheza na mbwa wa jirani anapiga chafya mpaka macho yanavimba, na ndo huyohuyo anayelilia mbwa kila siku. Nimeambiwa kuna labradudo, mchanganyiko wa labrado na pudo, kwamba hawapukutishi manyoya. Kuna muuzaji mtandaoni ana papi wa F1, F1B na F2, bei zinapishana sana, F1B ndo ghali na anatoa garantii kwamba kwa hao aleji haipo. Mi najiuliza, kama F2 ni kizazi cha pili, si ndo wangekuwa bora kuliko F1? Naomba unielekeze nisije nikapigwa.
*Mama Wawili, Mbezi Beach*

Marahaba Mama Wawili. Kabla hela haijatoka tuziweke sawa hizo herufi. F1 mzazi mmoja ni labrado na mwingine ni pudo, nusu kwa nusu. F1B ni F1 aliyezalishwa tena na pudo, kwa hiyo papi anakuwa na pudo kama robo tatu. F2 ni F1 kwa F1. Namba inakwambia wazazi walikuwa nani tu, haisemi mbwa gani bora, na kwa upande wa manyoya F2 ndo wa kubahatisha kuliko wote.

Sababu ni hii. Kuna jeni inayoleta ndevu na nyusi ndefu usoni, na mbwa mwenye hiyo jeni kwa kawaida anapukutisha kidogo. Pudo ana nakala mbili, labrado hana hata moja. F1 wote wanapata moja kutoka kwa pudo, kwa hiyo wote wanatoka na ndevu, ila manyoya yao mara nyingi ni ya mawimbi na wengi bado wanapukutisha kwa sababu damu ya labrado ipo. Sasa ukizalisha F1 kwa F1 papi anaweza kukosa kwa baba na akakosa kwa mama, kwa wastani mmoja kati ya wanne, huyo anatoka na manyoya ya kulala, na atakujazia manyoya kwenye makochi kama labrado yeyote. Kwa F1B hilo halitokei maana pudo lazima atoe nakala yake, kwa hiyo kwenye manyoya F1B kweli ni wa uhakika zaidi ya F2.

Kwenye aleji ndo muuzaji amekudanganya. Kinachomsumbua mtoto ni protini zilizopo kwenye mate, mba na mkojo wa mbwa, na mbwa wote wanazo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima mbwa wanaosifiwa kuwa hawana aleji, labradudo wakiwemo, na kwenye manyoya yao walikuta protini kuu inayoleta aleji ni nyingi hata kuliko kwa mbwa wengine. Na ukirudi mwanzo kabisa, mwaka 1989 kule Australia Wally Conron, mzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona, alizalisha labradudo kwa ajili ya mama mmoja wa Hawaii asiyeona, ambaye mume wake alikuwa na aleji ya mbwa. Walizaliwa watatu, baba mmoja mama mmoja, akatuma sampuli za manyoya na mate, na mmoja tu ndo hakumsumbua yule mume. Kama ndugu wa tumbo moja walipishana hivyo, garantii ya kizazi kizima inatoka wapi?

Kwa hiyo ongea kwanza na daktari wa mtoto, hasa kama ana pumu. Akikuruhusu, mpeleke mtoto akakae na papi yuleyule unayemtaka, ndani ya chumba, saa moja hivi au zaidi, na urudi siku nyingine tena, ukiweza akae na wazazi wa papi pia. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.

Ukifika usiangalie picha, mshike papi, mgeuzie uso kwenye mwanga. Akiwa na wiki nane mwenye ndevu anaonekana, vinywele vimesimama juu ya pua katikati ya macho na mdomo una manyoya manyoya, asiye nazo mdomo wake ni laini kabisa. Halafu pitisha vidole mgongoni, mawimbi utayasikia. Omba kuona mama yake, uliza eksirei ya nyonga za wazazi wote wawili maana labrado na pudo wote wana shida ya nyonga, na asiondoke kwa mama chini ya wiki nane.

Dokta habari. Labradudo wangu ana miezi tisa, zamani kumchana ilikuwa dakika mbili, sasa hivi manyoya yamesokotana nyuma ya masikio na kwapani, saluni wanataka kunyoa yote. Nifanyeje?
*Kijana wa Kigamboni*

Hapo manyoya ya utotoni yanabadilika kuwa ya ukubwani, yale ya zamani yanang'oka na kunasa kwenye mapya. Kadri manyoya yanavyojikunja zaidi ndo kazi inazidi, na joto na unyevu wa Dar havisaidii. Mafundo yakishika mpaka kwenye ngozi waache wanyoe, kumvuta ni kumtesa, yataota tena. Usikate kwa mkasi, ngozi inavutwa ndani ya fundo na utamkata. Yakiwa ya juu juu, fungua kwa vidole na chanuo la chuma KABLA ya kumwogesha, maji yanayakaza. Kuanzia hapo mgawanye manyoya mstari kwa mstari mpaka uone ngozi, brashi ya juu juu inadanganya. Akitoka baharini msuuze na maji ya bomba, mkaushe mpaka chini, kisha pitisha vidole masikioni, shingoni na katikati ya kucha, kupe wanajificha humo na ndo wanaoleta homa ya kupe.