Kabla Hujaiamini Potasiamu ya Ngege

Wewe unayeanza kupima damu ya samaki hapa Kisumu, utapewa sindano, mirija na daftari, kisha utaonyeshwa mashine ya kusoma. Kabla ya kuisoma namba yoyote, uliza damu hiyo ilishikwaje tangu samaki alipotoka majini.

Ngege, yaani tilapia, wa Ziwa Victoria anaishi katika maji ambayo sodiamu yake haifiki milimoli 1 kwa lita, ilhali damu yake ina kama 150. Basi usiku na mchana maji yanampenya na chumvi inamvuja. Anajiokoa kwa kukojoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua yake yanaivuta sodiamu kutoka ziwani. Ndani ya seli mambo yamegeuka: potasiamu ndiyo iliyojaa, sodiamu ni haba. Mpaka huo unalindwa na pampu iliyo kwenye utando wa seli. Kila mzunguko inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, na inatumia molekuli 1 ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Nakueleza hayo kwa sababu plazma ya ngege, yaani majimaji ya damu bila seli, ina potasiamu chache mno, kama milimoli 3 hadi 5 kwa lita, na seli nyekundu zilizo kando yake zimejaa potasiamu. Zikipasuka kidogo tu, kipimo kimeharibika. Mwaka wangu wa kwanza nilipata 9, 10, hata 11 kwa samaki wa bwawa moja, nikaandika kwamba figo zao zinashindwa. Mkubwa wangu hakubishana. Aliinua mrija kwenye mwanga wa dirisha: plazma ilikuwa na rangi ya tikiti maji, dalili ya seli nyekundu zilizopasuka. Nilikuwa nimevuta sindano kwa nguvu, kisha nikaisukuma damu ipite tena kwenye tundu lile jembamba. Samaki walikuwa wazima. Siku hizi huvuta polepole, nachomoa sindano kwanza, ndipo naiteremsha damu ukutani mwa mrija.

Barafu nayo inahadaa. Utadhani unaihifadhi damu, kumbe baridi inaizubaisha pampu na potasiamu inachuruzika nje bila seli hata moja kupasuka. Tenga plazma kwanza, ndipo uipoze.

Angalia pia kifuniko cha mrija. Ule wa zambarau huwa na EDTA ya potasiamu, dawa inayozuia damu kuganda kwa kuinasa kalisi: utasoma potasiamu ya kutisha, na kalisi karibu sifuri. Ukiziona mbili hizo pamoja, usimtafute mgonjwa. Heparini ya sodiamu, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, nayo inaongeza sodiamu. Mimi natumia heparini ya lithiamu.

Na namba hizi za ziwa letu usizibebe hadi Ziwa Nakuru, ambako maji yenyewe ni magadi.

Sodiamu ikishuka, rudi kwenye wavu. Ngege aliyehangaika muda mrefu hupoteza chumvi kupitia matamvua, na misuli iliyochoka humwaga potasiamu kwenye damu. Ndiyo sababu wafugaji wengi hutia chumvi kwenye maji ya kusafirishia. Kwa hiyo daftari langu lina safu mbili kabla ya safu ya sodiamu: saa samaki alipoinuliwa majini, na saa sindano ilipoingia.