Kiinitete kimoja au viwili? Amueni kabla ya siku ya kupandikiza

Dada zangu mnaotafuta mtoto kwa njia ya upandikizaji (IVF), yaani yai linarutubishwa maabara, kisha kiinitete, mimba changa kabisa, kinawekwa kwenye mji wa mimba, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nikiwekewa viwili, si nafasi inaongezeka?" Hapa Dar swali hilo lina uzito wa pesa. Wengi tunalipa kutoka mfukoni, wengine wameuza kiwanja, wengine wamekopa kwenye kikoba. Wifi yangu aliniambia kwa nia njema kabisa: lipa mara moja, upate mapacha, umalize uzazi.

Mimi na mume wangu tulichagua kimoja, na leo ningechagua kimoja tena. Nilikuwa sijafika miaka 35, ilikuwa mara ya kwanza, na viinitete vyetu vilifika siku ya 5 ya kukuzwa maabara vikiwa na ubora mzuri. Kama hali yako ni hiyo, nakusihi ufikirie kimoja kwa uzito.

Ni kweli viwili vinaongeza nafasi kwa mara ile moja. Lakini cha pili hakipotei. Kinagandishwa, na cha kwanza kisiposhika unarudishiwa hicho bila kuchomwa tena sindano za kukuza mayai wala kuvunwa mayai upya. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa 2004 ulifuatilia wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36. Waliowekewa viwili kwa pamoja, kama 43 kati ya 100 walijifungua mtoto hai. Waliowekewa kimoja, kisha kingine kilichogandishwa pale cha kwanza kiliposhindwa, walikuwa kama 39. Sasa tazama uzazi wa mapacha: kundi la kwanza karibu theluthi ya waliojifungua, kundi la pili hata 1 kati ya 100 hakufika.

Na mapacha, dada, wanapendeza sana wakishakua. Lakini zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Mama naye anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu, kifafa cha mimba na kuvuja damu akijifungua. Nilimsindikiza rafiki yangu kwenye wodi ya watoto njiti. Anakamua maziwa usiku na mchana, anambeba mmoja kifuani ngozi kwa ngozi huku mwingine akiwa kwenye oksijeni, kila asubuhi anangoja mzani useme gramu zimeongezeka au zimepungua. Mume anapanda daladala mbili kuleta uji, na kazini wameshaanza kumuuliza. Gharama hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya bei ya upandikizaji, kwa hiyo ijumlisheni wenyewe mnapopiga hesabu.

Umri ukishapita 40, au viinitete vikiwa dhaifu, au majaribio ya nyuma hayakushika, daktari anaweza kushauri viwili, na ushauri huo una msingi. Vitatu nisingekubali. Miongozo ya 2013 ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, inasema visizidi viwili kwa mzunguko mmoja. Ila kama una kovu la upasuaji kwenye mji wa mimba, au presha, mwambie daktari mapema, maana mwili wako unaweza usiuhimili ujauzito wa mapacha. Hata kimoja huweza kujigawa kikawa mapacha wa kufanana, ingawa ni nadra.

Zungumzeni haya wewe na mwenzako kabla ya sindano za kwanza. Siku ya kupandikiza uko kitandani, kibofu kimejaa, moyo unadunda. Si wakati wa kuulizwa idadi. Kabla ya kulipa, ulizeni: je, mnagandisha hapahapa? Ada ya kutunza kwa mwaka ni kiasi gani? Kati ya mnavyoyeyusha, vingapi hubaki hai? Umeme kukatika kusiwatishe sana, kwa kuwa mitungi ya kutunzia viinitete hupozwa na naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Muhimu ni nani anaijaza na kila baada ya muda gani. Idadi mliyokubaliana iandikwe kwenye fomu ya ridhaa kabla hamjasaini.