Joto la Jua Huzama Vipi Ardhini?

SWALI: Nikichimba shimo wakati wa adhuhuri, udongo wa juu huwa wa moto ilhali wa chini kidogo ni baridi. Je, joto la jua huishia wapi?

JIBU: Haliendi mbali, wala halina haraka. Joto hupita kutoka chembe moja ya udongo hadi nyingine, na kila tabaka hujibakizia sehemu yake, hivyo kadiri unavyochimba ndivyo tofauti ya mchana na usiku inavyofifia na kilele cha joto kinavyochelewa. Kwenye kina cha sentimita 30 hadi 40 hivi, kilele hicho, ambacho kwa hakika ni hafifu mno, hufika karibu na usiku wa manane, uso wa ardhi ukiwa umekwisha kupoa. Mabadiliko ya misimu, kwa kuwa huchukua mwaka mzima, huzama takriban mara 19 zaidi, yaani kipeuo cha pili cha siku 365. Unyevu nao una nafasi yake: mchanga mkavu, uliojaa hewa, hupitisha joto kwa shida, ndiyo maana huunguza nyayo juu huku chini yake kukiwa baridi.