Turubai la Feni Likichanika, Usikimbilie Dukani

Kijana mmoja wa Mombasa ameniandikia kwamba turubai linalounga feni ya kutolea moshi na bomba la bati limechanika tena, na bosi wake anamwambia kazi yake mbovu. Mdogo wangu, maneno hayo nayajua. Kuna hoteli hapa Dar niliitwa baada ya wenzangu kubadilisha turubai lile lile kila mara. Msimamizi akanitamkia mbele ya watu, "Wewe fundi bati, funga jipya uondoke." Bado yananiuma.

Sikufunga. Nilichuchumaa kwenye paa, jua la saa saba kichwani, nikalichunguza. Lilichanika kando ya bati, juu tu. Chini kitambaa kilikuwa kizima. Nikaomba feni izimwe, kisha iwashwe. Ilipozimwa ilikaa sawa na bomba. Ilipowaka, msukumo wa hewa uliirudisha nyuma juu ya springi zake, ikainama, na turubai la upande wa kutolea likakaza kama ngozi ya ngoma. Waliotangulia walipima feni ikiwa imesimama! Tukaweka springi za kulala za kuizuia isirudi nyuma, tukakata kitambaa chenye ulegevu kidogo. Mpaka leo kipo. Asante sijaipata, lakini kazi inaonekana.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, usome mpasuko kwanza. Kitambaa kinachopukutika kama unga kimeuawa na jua au joto. Nunua kinachostahimili, na jikoni kiwe kisichoshika moto. Kikichanika kwenye mikunjo ya pembeni, huenda feni na bomba havitazamani, na mtu amelitumia turubai kuficha kosa la vipimo. Hiyo si kazi ya turubai. Upande wa kuvuta, likilegea sana hunyonywa ndani na kuziba njia ya hewa. Feni ikitetemeka kupita kiasi, safisha mafuta kwenye mapanga na kagua beringi, la sivyo utashona hadi uzeeke.

Usikubali kuharakishwa na mtu asiyepanda paa. Zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli kabla hujagusa chochote. Ukimaliza, rusha waya wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) kutoka feni hadi bomba, maana kitambaa hakipitishi umeme, na bati lililoachwa bila ethi linaweza kumuua mwenzako.