Kiti cha waya cha Bertoia: usikipeleke kwenye vyuma chakavu

Mkuu, umeuliza kama hicho kiti cha waya chenye umbo la almasi ulichokikuta kwenye nyumba uliyohamia kinafaa kutengenezwa, maana viungio kadhaa vimeachia na jirani kakwambia utupe. Usitupe. Kazi yangu ni kukarabati samani za zamani hapa Pennsylvania, na viti vya aina hiyo vinapita sana mikononi mwangu.

Kwa maelezo yako hicho ni Diamond cha Harry Bertoia, kilichoingia sokoni 1952 chini ya kampuni ya samani ya Knoll. Bertoia alizaliwa Italia 1915, akahamia Detroit akiwa na miaka 15, akasoma chuo cha sanaa cha Cranbrook na baadaye akafundisha ufuaji wa vyuma hapohapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma kilipoadimika akageukia vito. Pete ya ndoa ya mbunifu Ray Eames aliitengeneza yeye. Alifanya kazi California na akina Eames, yaani Ray na mumewe Charles, akaondoka 1946. Hans na Florence Knoll, wenye kampuni ya Knoll, wakamleta huku 1950, wakamwachia uhuru wa kubuni anachotaka, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Mwenyewe alisema viti vyake ni hewa zaidi kuliko kitu kingine, kama sanamu. Lakini hewa hiyo imefungwa na mikono ya watu: kukunja fito kwa mkono kulikuwa nafuu kuliko mashine, kisha zikapangwa kwenye kiunzi na kuchomelewa. Ndiyo maana inauma kukiona kinauzwa kwa kilo.

Sasa tazama ukingo. Vya mwanzo vilikuwa na waya mbili nyembamba zilizobana ncha za wavu katikati. Hataza (haki ya uvumbuzi) ya ukingo huo ilikuwa ya akina Eames, ikaleta mgogoro wa kisheria, Knoll wakahamia waya mmoja mnene na ncha za wavu zikasagwa mshazari. Ukikuta waya mbili, usiguse kitu kabla mtaalamu hajakiona.

Kama ni mmoja, tafuta fundi mwenye mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa umeme na gesi ya kukinga kiungio), achomelee kidogokidogo kwa moto mdogo, wavu usijipinde. Kama kimepakwa kroma, ule utando unaong'aa, aisage kwanza mahali pa kiungio, avae barakoa ya moshi, afanyie penye hewa. Hapo sikubali mzaha: Bertoia alikufa 1978 kwa saratani ya mapafu, na moshi wa shaba yenye beriliamu (metali yenye sumu) aliyoichomelea kwenye sanamu zake hutajwa kuwa chanzo.

Weka picha ya ukingo na ya miguu, nikuambie pa kuanzia.