Maswali ya Wasomaji: Helgoland na Wilaya Iliyoipokea

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Nasomesha historia katika skuli moja hapa Wete. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba mwaka 1890 Mjerumani alimwachia Mwingereza Unguja na Pemba, naye akapewa kisiwa cha Helgoland. Wameniuliza kisiwa hicho kilitiwa katika wilaya gani, na wilaya hiyo iko wapi leo. Vitabu vyetu vinakitaja kwa mstari mmoja tu. – Mwalimu, Wete.

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Kabla ya kufika Helgoland, naomba wanafunzi wako waelezwe kwamba Ujerumani haikuwa na Unguja wala Pemba ya kumpa mtu. Visiwa hivi vilikuwa vya Sultani, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Ali bin Said. Katika mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani ilikubali tu kutopinga himaya ya Uingereza juu ya visiwa hivi, ikaiacha Witu, iliyo katika pwani ya Kenya ya leo, na ikaahidiwa kwamba Uingereza itamshawishi Sultani auze moja kwa moja ukanda wa pwani ya bara aliokuwa ameukodisha, pamoja na Mafia. Ukanda huo ulilipiwa marki milioni 4. Maneno ya kwamba visiwa vyetu vilibadilishwa kwa Helgoland yametufanya tuonekane kama mali ya Mjerumani, na yanastahili kuondolewa madarasani.

Helgoland yenyewe ni kisiwa kidogo cha mawe mekundu katika Bahari ya Kaskazini, na ukikijumlisha na kisiwa cha mchanga kilicho jirani yake, eneo lote halifiki kilomita mbili za mraba. Waingereza walikitwaa kutoka kwa Denmark mwaka 1807. Gavana wao wa mwisho alikikabidhi tarehe 9 Agosti 1890, na siku ya pili yake Kaizari Wilhelm II akafika mwenyewe kukipokea.

Mwezi wa Februari 1891 sheria ya Prussia, ufalme mkubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, ilikiunganisha kisiwa na ufalme huo, kikawekwa katika mkoa wa Schleswig-Holstein na kutiwa chini ya wilaya ya Süderdithmarschen, ambayo makao yake yalikuwa katika mji mdogo wa Meldorf huko bara. Kwa hiyo watu wapatao 2,000, waliozoea kuwa na gavana wao kisiwani, walijikuta wakiongozwa na mkuu wa wilaya aliye ng'ambo ya bahari. Wasomaji wa Pemba hawahitaji maelezo marefu juu ya hali hiyo. Mwaka 1922 Helgoland ikafanywa wilaya peke yake, lakini mwaka 1932 ikaunganishwa na wilaya ya Pinneberg, iliyopakana na jiji la Hamburg, na humo ndimo ilimo hadi leo.

Ama Süderdithmarschen, haipo tena. Tarehe 26 Aprili 1970 iliunganishwa na jirani yake Norderdithmarschen ikazaliwa wilaya ya Dithmarschen, katika mageuzi yaliyopunguza wilaya za Schleswig-Holstein kutoka 17 hadi 11. Makao yakawekwa Heide, na Meldorf ikapoteza hadhi hiyo.

SWALI: Mhariri, katika toleo lililopita uliahidi kueleza vijiji na miji ya Ujerumani ilivyokuwa ikijitawala zamani. Je, wilaya kama hiyo ilikuwa na kitu kinachofanana na shehia zetu? – Msomaji, Mkoani.

JIBU: Ilikuwa nacho, ila mizizi yake ilikuwa tofauti kabisa, na kwangu hii ndiyo sehemu ya historia ya Dithmarschen inayovutia zaidi. Nchi hiyo kwa muda mrefu haikuwa na mfalme wala mtawala mkubwa wa kuikalia. Wakulima wake walijitawala kupitia parokia zao, kila parokia ikisimamia mashamba, matuta ya kuzuia bahari na hukumu za watu wake. Mwaka 1500 jeshi la mfalme wa Denmark lilikuja kuwatiisha, wao wakafungua milango ya maji ya matuta yao, nchi ikafurika, na jeshi hilo likashindwa vibaya huko Hemmingstedt. Uhuru wao ulivunjwa mwaka 1559, na baadaye nchi ikagawanywa sehemu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Prussia ilipoichukua Schleswig-Holstein mwaka 1867 ilizigeuza sehemu hizo mbili kuwa wilaya mbili bila ya kuhamisha mpaka wa zamani.

Hata chini ya Prussia, parokia ziliendelea kuwa vyombo vya utawala wa vijiji. Jumuiya moja ya parokia ilikusanya vijiji kadhaa, na vijiji hivyo vilibaki na mambo yao madogo madogo. Mpango huo ulidumu hadi tarehe 1 Aprili 1934, wakati utawala wa Wanazi ulipozivunja jumuiya hizo na kukifanya karibu kila kijiji halmashauri yake. Ndiyo sababu wilaya hiyo ilikuja kuwa na halmashauri nyingi zenye watu wachache mno.

Zipo pia halmashauri zilizozaliwa baharini. Pwani ya Dithmarschen ni tope linaloongezeka kila maji yanapokupwa na kujaa, na watu wake walijenga matuta wakaligeuza tope hilo kuwa mashamba. Friedrichskoog ilizungushiwa tuta katika miaka ya 1850, na Kaiser-Wilhelm-Koog katika miaka ya 1870. Ardhi nyingine iliyokaushwa hapo jirani ilifunguliwa mwaka 1935 na Hitler mwenyewe, ikapewa jina lake, na baada ya vita jina hilo likafutwa, ikaitwa Dieksanderkoog.

Mji uliobadilika zaidi ni Brunsbüttel, penye mdomo wa Mto Elbe. Mwaka 1887 ulianza kuchimbwa mfereji wa kuunganisha Bahari ya Kaskazini na Kiel, upande wa Bahari ya Baltiki, nao ukafunguliwa mwaka 1895. Pembeni mwa kijiji cha zamani ulikua mji mpya wa wafanyakazi na marubani wa meli, ukawa na utawala wake, na ni mwaka 1970 tu mji na kijiji vilipoungana. Ukiitazama ramani utaona kwamba Helgoland imekaa mbele ya mlango wa Elbe na wa mfereji huo. Aliyekuwa akichimba mfereji wa kupitishia manowari zake asingependa kuiona bendera ya Mwingereza mlangoni pake.

SWALI: Je, wananchi wa Helgoland waliulizwa rai yao kabla ya kukabidhiwa? – Msomaji, Malindi, Unguja.

JIBU: Hawakuulizwa, kama sisi tusivyoulizwa. Lakini kifungu cha 12 cha mkataba kiliwaandikia haki ambazo watu wa Unguja na Pemba hawakuandikiwa mfano wake. Mzaliwa wa Helgoland aliruhusiwa kuchagua uraia wa Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1892. Yeye, na watoto wake waliozaliwa kabla ya mkataba kutiwa saini, walisamehewa utumishi wa jeshi la Ujerumani. Sheria na mila za kisiwa ziliahidiwa kuachwa kadiri iwezekanavyo, na ushuru wa forodha usingepandishwa hadi mwaka 1910. Kuhusu visiwa vyetu, mkataba huohuo unataja himaya ya Uingereza na milki ya Sultani, wala hapana kifungu kinachosema mwananchi wa hapa atachagua nini au atalindiwa mila gani. Naiona tofauti hiyo kuwa dhulma, na naandika hivyo bila ya kusita.

Haki hizo hata hivyo hazikuwakinga na vita. Wakaazi waliondolewa kisiwani mwaka 1914, na tena mwaka 1945 baada ya mabomu ya tarehe 18 Aprili kuviteketeza vijumba vyao. Miaka miwili baadaye, siku hiyohiyo, Waingereza walilipua huko maelfu ya tani za baruti ili kuziharibu ngome. Kisiwa kilirudishwa kwa Ujerumani tarehe 1 Machi 1952, na wenyewe wakarejea kujenga upya. Mpaka leo Helgoland iko nje ya eneo la forodha la Umoja wa Ulaya, na halmashauri yake hutoza ushuru wake wenyewe kwa baadhi ya bidhaa zinazoingia kisiwani.